Uma, tikiti au tishu: uanze na sehemu ipi ya The Bear?

Mdogo wangu anahudumia ukumbini kwenye hoteli moja ya hapa mjini. Mwaka jana nilimkalisha mbele ya sehemu ya kwanza kabisa ya The Bear nikamwambia, hii ni tamthilia ya watu wa kazi yako. Haikupita robo saa akasimama. "Dada, mimi nimetoka kazini kupigiwa kelele. Nirudi nyumbani nipigiwe tena?"

Siku ile sikuwa na la kumjibu, maana kelele zipo kweli. Tamthilia hii ya Christopher Storer, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Juni 2022, inamfuata Carmy Berzatto, mpishi kijana aliyepita kwenye majiko makubwa ya dunia. Anarudi Chicago kuushika mgahawa wa mikate ya nyama alioachiwa na kaka yake Mikey, ambaye amejiua. Kuna madeni, kuna vyombo vibovu, na hakuna anayemwacha mwenzake amalize kusema. Ukiingia kwa mlango wa mbele, hayo ndiyo yanayokupokea.

Lakini kuna milango mingine. Tangu msimu wa pili, The Bear ina tabia ya kumwambia stelingi akae pembeni. Inamchukua mmoja wa wale tuliozoea kuwaona wakipita nyuma ya bega lake na sinia, inampa sehemu nzima iwe yake. Mimi hizo ndizo zilizoniteka. Mtu uliyemhesabu kama samani ya jikoni unaonyeshwa kitanda anachoamkia, simu anayoogopa kuipokea, kiatu anachovaa akitoka. Ukirudi kwenye mgahawa ule sehemu inayofuata, hawezi tena kupita nyuma ya bega la mtu bila wewe kumfuata kwa macho.

Nalinganisha tatu, kwa ajili ya mtu aliyekata tamaa mapema kama mdogo wangu, au ambaye hajaanza kabisa. Ya kwanza ni Forks, yaani uma, msimu wa pili sehemu ya 7, na ni ya Richie. Ya pili ni Honeydew, lile tikiti tamu lenye nyama ya kijani kibichi, msimu wa pili sehemu ya 4, ya Marcus. Ya tatu ni Napkins, zile tishu za mezani, msimu wa tatu sehemu ya 6, ya Tina. Kila moja ni nusu saa na ushei. Nitasimulia baadhi ya yaliyomo, kwa sababu bila hayo siwezi kueleza kwa nini nasema ninayoyasema.

Moyo wangu uko kwa Forks, na sioni haja ya kuficha.

Richie Jerimovich unamfahamu hata kama hujaiona tamthilia. Ni rafiki wa marehemu, anaitwa binamu ingawa hakuna damu, ana mdomo usiopumzika, na anagombana na kila kitu kipya kwa kuwa kila kipya kinamkumbusha kwamba wakati wake umepita. Ana miaka 45. Ndoa imevunjika, na ana binti mdogo ambaye ndiye jua lake. Msimu wa kwanza nilimchukia kwa dhati. Ebon Moss-Bachrach anamwigiza bila kumpunguzia ubaya hata chembe. Halafu mwanzoni mwa msimu wa pili anakaa chini ya jengo, kwenye stoo, anamuuliza Carmy kama huwa anafikiria kuhusu lengo la mtu maishani. Anauliza kama anayeuliza kitu cha kawaida, ila sauti inamsaliti. Hilo swali ndilo deni ambalo Forks inakuja kulilipa.

Carmy anampeleka wiki moja akajifunze kwenye mgahawa wa hadhi ya juu kabisa pale Chicago. (Walipiga picha kwenye mgahawa wa kweli wa jiji hilo, Ever.) Richie anaamini anaondolewa ili asisumbue. Anafika alfajiri na macho mazito, anakabidhiwa kitambaa na uma. Kazi yake ni kuzing'arisha. Kesho uma. Keshokutwa uma.

Ni mdogo wangu aliyenifundisha kwamba kuosha uma wa hotelini ni mwanzo tu wa kazi. Unachovya kwenye maji ya moto yenye siki kidogo, unaufuta ukiwa bado na joto, unaushika shingoni ili kidole kisiache alama kwenye meno, kisha unauinua kwenye taa. Ukiona doa unarudia. Wa harusi ya watu 300 unafutwa hivyo hivyo, mmoja mmoja. Ndiyo maana pale Richie anapozembea na kubeza mimi humtazama yule kijana anayemsimamia, Garrett. Anamtoa nje na kumwambia bila kupandisha sauti kwamba anamtaka heshima: amheshimu yeye, awaheshimu wafanyakazi, awaheshimu wateja, na ajiheshimu mwenyewe. Garrett ametoka kwenye ulevi. Amegundua kwamba kumhudumia mtu mwingine kunamshika asianguke. Anasema hivyo kwa utulivu wa mtu asiyeuza chochote.

Kuanzia hapo ni furaha, na hii ni furaha ninayoisikia kifuani kila nikiirudia. Richie anaingia kwenye kikao cha kabla ya kufungua, anasikia meza zikisomwa moja baada ya nyingine: nani anakuja, anapenda nini, anasherehekea nini. Kuna walimu wawili waliojibana muda mrefu ili waweze kula pale usiku mmoja tu. Uamuzi ni kwamba hawatalipa kitu. Unamwona Richie akipokea habari hiyo. Hajawahi kujua kwamba unaweza kufanya hivyo na ikaitwa kazi.

Kisha inakuja pizza. Wageni wa meza moja wanasikika wakisikitika kwamba wanaondoka Chicago bila kuonja pizza nene ya jiji hilo. Richie anatumwa Pequod's, mahali penye sifa ya pizza ya kingo zilizoungua vizuri kwa jibini. Anarudi na boksi mkononi. Shefu wa mgahawa ule wa kifahari anaikata pizza vipande vya mviringo vidogo kama sarafu kubwa, anaipamba kwa sosi na majani ya rihani kana kwamba ni johari, na Richie anaibeba mwenyewe mpaka mezani. Tazama mabega yake wakati anatembea. Kwa sehemu zote zilizotangulia mabega yale yalikuwa yamejiandaa kwa ugomvi. Sasa yameshuka. Hakuna anayetaja jambo hilo kwa mdomo, na mwigizaji hahitaji msaada.

Kabla ya hapo aliyekuwa mke wake alimpigia simu kumwambia amechumbiwa. Richie akamwambia maneno mazuri yote yanayotakiwa, kisha akabaki na simu mkononi. Kwa hiyo baadaye anapoendesha gari usiku akiimba wimbo wa Taylor Swift, mwanamuziki anayependwa na binti yake, kwa sauti ya kupasua koo, unajua furaha ile imepita wapi mpaka ikafika. Mimi huimba naye. Majirani wamezoea.

Na bado hujafika mwisho. Siku ya mwisho anamkuta mwanamke peke yake jikoni akimenya uyoga kwa kisu kidogo. Ndiye mwenye mgahawa, shefu Terry, anayeigizwa na Olivia Colman, na tangu mwanzo hatukuwa tumeonyeshwa uso wake. Richie anachukua kisu, anamenya naye. Anauliza kwa nini mtu wa ngazi yake anamenya uyoga mwenyewe. Jibu lake ni kwamba mgeni ataona kuna mtu ametumia muda wake kwenye sahani ile. Anamsimulia mgahawa wake wa kwanza ulivyokufa na jinsi alivyoanza upya akiwa na miaka 38. Anamsimulia baba yake mwanajeshi na madaftari aliyoacha. Halafu anamwambia alichosema Carmy juu yake: kwamba anajua kukaa na watu. Basi. Watu wawili, uyoga, na saa ukutani yenye maandishi kwamba kila sekunde ina thamani.

Kuna kitu nilikigundua mara ya tatu, na nilipokigundua nilisimama kutoka kwenye kochi. Sehemu inayotangulia, ya 6, ni chakula cha Krismasi cha familia hii miaka kadhaa nyuma, zaidi ya saa nzima ya sahani na mayowe. Mle ndani Mikey anamrushia mgeni uma kupitia mezani, mmoja baada ya mwingine, huku watu wakimsihi aache. Sehemu inayofuata inafunguka, na chombo kile kile kilichokuwa silaha kimewekwa mkononi mwa rafiki yake akifute kwa upole mpaka king'ae. Hawakutuonyesha kwa kidole. Waliweka jina tu, Forks, wakatuachia.

Sasa ubaya wake kwa anayeanza. Forks inakula akiba. Utamu wake wote umetokana na saa ulizokaa ukimchukia Richie. Niliwahi kumwekea rafiki yangu sehemu hii peke yake, bila utangulizi. Akasema ni nzuri, akarudi kwenye simu yake. Iliniuma, ila kosa lilikuwa langu: nilimpa mavuno ya shamba ambalo hakulilima.

Honeydew ina tabia nyingine kabisa. Marcus, kijana wa mikate na vitamu anayeigizwa na Lionel Boyce, anapelekwa Copenhagen kujifunza. Anamwacha mama yake mgonjwa kitandani Chicago, analala kwenye boti, anatembea kwenda kazini kabla hakujapambazuka. Mwalimu wake ni Luca, anayeigizwa na Will Poulter: mikono yenye michoro, maneno machache, anamrudishia kazi ileile mpaka iwe sawa. Hakuna mayowe hata mara moja. Kwa mtu anayekimbia kelele, hii ndiyo tulivu kuliko zote, unasikia hata kijiko kikiguswa.

Luca anasimulia kwamba zamani alifanya kazi na mpishi mmoja aliyemshinda kwa kila kitu, na siku alipokubali kwamba hatamfikia ndiyo siku alipoanza kujifunza kweli. Hamtaji jina, na sisi tunamjua: ni Carmy. Pia kuna mtu Marcus anayemkuta usiku amenaswa chini ya baiskeli yake. Anamnyanyua, na yule mtu anamkumbatia kwa muda mrefu kuliko wageni wanavyokumbatiana. Naipenda sana picha ile. Hata hivyo sehemu hii haina haraka, na mtu aliyechoka anaweza kusinzia. Ramy Youssef aliyeiongoza ameiacha ipumue, na kupumua huko kunataka mtazamaji aliyelala vizuri. Itazame siku ya mapumziko, asubuhi, na chai. Usimwekee mtu aliyetoka zamu ya usiku.

Napkins ndiyo iliyonibadilishia hesabu.

Tina ni mama wa jikoni. Katika msimu wa kwanza anamfanyia visa Sydney, msichana mpya mwenye vyeti, mpaka unatamani afukuzwe. Napkins inarudi nyuma, kabla ya Carmy, kabla ya Sydney, wakati Tina hajaingia bado kwenye jiko lile. Ana miaka 46. Kampuni ya peremende aliyoifanyia kazi miaka 15 imemwondoa. Yanayofuata hayahitaji tafsiri kwa yeyote aliyewahi kusaga lami: nguo nzuri, wasifu uliochapishwa ukashikwa usikunjike, basi, ofisi, kiti cha kusubiria, kijana wa mapokezi anayekuambia utume maombi kwa mtandao. Jioni unarudi, mtu wako anakuuliza kwa macho, nawe unajibu kwa macho. Liza Colón-Zayas anaibeba yote hiyo usoni, na mume wake ndani ya hadithi anaigizwa na David Zayas, ambaye ni mume wake wa kweli. Ndiyo maana jinsi wanavyopishana kwenye jiko dogo asubuhi haionekani kuigizwa.

Baada ya mlango mwingine kufungwa, Tina anaingia kwenye mgahawa wa mikate ya nyama kuomba kahawa. Mtu wa kaunta anamkatalia pesa yake, na anamwongezea mkate uliozidi kwenye oda. Anakaa ukumbini, anauma mkate, machozi yanamshinda. Mwenye mgahawa anapita, anamwona, anakaa. Ni Mikey, anayeigizwa na Jon Bernthal. Wanazungumza kwa dakika kadhaa, watu wawili wasiofahamiana, mmoja hana kazi na mwingine ana kazi inayomwelemea. Mikey anamwonyesha kwa fahari picha ya chakula alichopika mdogo wake huko Copenhagen. Tina anamwambia kwamba yeye hatafuti maajabu wala kuiokoa dunia, anataka amlishe mwanawe. Na Mikey anampa kazi.

Anayeijua tamthilia anatazama mazungumzo haya na donge kooni, kwa sababu anajua mwisho wa Mikey. Asiyeijua anaona mtu mwema akimtendea mwema mwenzake. Yote mawili yanasimama. Hapo ndipo Napkins inapoishinda Forks kwa mgeni: haikudai chochote mlangoni. Kwa mpangilio wa miaka ni miongoni mwa mambo ya mwanzo katika hadithi yote, na inakuingiza mgahawani kama mteja. Mayowe ya jikoni yapo, unayasikia yakitoka nyuma, lakini wewe umekaa mezani na kahawa, na mtu amekuja kukuuliza una nini.

Jambo lingine linalonifurahisha ni aliyeiongoza. Ni Ayo Edebiri, ndiye Sydney mwenyewe, yule aliyefanyiwa visa na Tina, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza sehemu ya tamthilia hii. Amemtazama mwanamke huyo kwa uvumilivu wa binti aliyekuja kumwelewa mama. Mwaka 2025 aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya uongozaji kwa kazi hiyo. Colón-Zayas alikuwa ameshachukua Emmy ya mwigizaji msaidizi Septemba 2024, usiku uleule Moss-Bachrach alipochukua ya kwake ya pili. Watu wa pembeni wa jiko hili hawakubaki pembeni.

Kwa hiyo uchague vipi? Kama umeshatazama msimu wa kwanza na mwanzo wa wa pili, usisome zaidi, nenda Forks leo, na uitazame usiku uleule ulioona ile ya Krismasi, bila kulala katikati. Kama uliacha njiani kwa sababu ya kelele, anza na Napkins, kisha rudi mwanzo kabisa. Utamvumilia Tina kwa sababu unajua alikotoka, na ukimvumilia yeye utawavumilia wote. Honeydew utakutana nayo njiani kwa mpangilio wake, na nakuomba usiiruke ukidhani hakuna kinachotokea. Na kama unajua kabisa kwamba hutatazama tamthilia nzima, una jioni moja tu, basi tazama Napkins, kisha sehemu ya kwanza ya msimu wa pili kwa ajili ya lile swali la Richie kule stoo, kisha Forks. Utapoteza mengi, lakini uma zitakuwa na uzito.

Mwezi uliopita nilimwekea mdogo wangu Napkins. Alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na nilijiambia akisimama kabla maji hayajapoa, sitamsumbua tena. Hakusimama. Tina alipoanza kulia na mkate mkononi, naye alifuta macho kwa ncha ya kanga. Ilipoisha akakaa kimya kidogo.

"Yule wa kaunta," akaniuliza, "mwenye mdomo, aliyemnyima kulipa kahawa. Ndiye nani?"

"Ndiye Richie."

"Ana sehemu yake?"

Nikamwambia anayo, ila iko mbele, kuna sehemu 14 za kupita kwanza. Jana usiku alimaliza ya 13. Usiku wa leo ni ile ya Krismasi, na nimemwambia asipange kulala mapema.